Diwani wa wilaya aulizwe nini?

Mhariri,

Swali lenu la juma hili, "Diwani wako wa wilaya amekufanyia nini tangu umchague?", tunaulizana hapa Busia, Uganda, kila mvua inaponyesha na bodaboda kukwama, nami naona linamtwika diwani mzigo usio wake na kumwondolea ule ulio wake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inamtaka diwani, awe wa gombolola (eneo dogo ndani ya wilaya), wa wanawake, wa vijana, wa walemavu au wa wazee, ayapeleke maoni ya watu wake barazani, ahudhurie vikao vya baraza na vya kamati, atenge siku ya kukutana na wananchi, kisha arudi kuwaeleza yaliyoamuliwa. Haimtaki anunue mabati ya kanisa wala kuchangia jeneza, ingawa sisi wapiga kura humpima kwa hayo, na akikosa matanga mawili tu hesabu yake imekwisha.

Chukueni barabara, maana ndiyo inayotugombanisha zaidi. Njia za jamii zinazounganisha vijiji ni jukumu la gombolola, kwa hiyo kalavati likibebwa na maji huko, wa kuulizwa kwanza ni viongozi wa LC3, yaani baraza la gombolola. Hata barabara ikiwa ya wilaya, diwani wa LC5, yaani baraza la wilaya, hana greda mkononi. Sehemu kubwa ya fedha hutoka Kampala zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi, na baraza haliwezi kuzihamisha lipendavyo. Mapato ya wilaya yenyewe ni haba, hasa tangu kodi ya kichwa ilipofutwa mwaka 2005, kwani katika yale yanayokusanywa vijijini gombolola hubakiza asilimia 65 na kupeleka wilayani 35. Naye ofisa mkuu wa utawala, yule tunayemwita CAO, huteuliwa na serikali kuu, hivyo madiwani wanaweza kumhoji lakini kumfukuza hawawezi.

Basi kinachobaki ni kuhoji, na hicho si kidogo. Katika kamati ya ujenzi, diwani aliyesoma makaratasi yake anaweza kuuliza greda lilitumia lita ngapi za dizeli, katika barabara ipi, kutoka kilomita gani hadi gani, na nani alitia sahihi kwamba kazi imekamilika. Aliyeyasoma kwa mara ya kwanza akiwa tayari kitini (wapo, na posho ya kikao hawaikosi) atapiga makofi na kuunga mkono hoja. Bajeti ikishapitishwa na mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, kulalamika kwamba barabara yetu haimo ni kuchelewa.

Diwani wangu namwona msibani na harusini, na ni mtu wa watu kweli. Mkutano wa kutueleza baraza liliamua nini sijausikia ukiitishwa. Hilo ndilo deni ninalomdai. Naomba aje siku ya soko, kabla bajeti haijapitishwa, atusomee barabara zilizopendekezwa na zile zilizoachwa, kisha aseme yeye mwenyewe alizungumza nini kikaoni kuhusu yetu. Tukijua hayo, hata jibu la "fedha hazikutosha" tutaweza kulijadili naye.

Msomaji wenu, Busia, Uganda