"Sank" au "sunk"?

Ndugu, umeuliza kama mwanao aandike kwamba MV Bukoba "sank" au "sunk". Aandike "sank", kwa kuwa meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na tukio lenye wakati wake uliokwisha kupita hutaka umbo hilo. "Sunk" hufuata kitenzi kisaidizi, na hapa Kiswahili chetu kinasaidia sana: mtumbwi ulizama ni "the canoe sank", ilhali mtumbwi umezama ni "the canoe has sunk". Wapo Waingereza na Wamarekani wanaosema "it sunk", lakini kwenye mtihani sishauri kabisa. Tena "sank" hubeba pia maana ya kuzamisha: "the storm sank the canoe", dhoruba iliuzamisha mtumbwi.