Gita la kwanza la umeme: Pacifica mpya au Squier ya mtumba?

Mkuu, umeuliza uchukue Yamaha Pacifica 012 mpya au Squier Stratocaster ya mtumba, na bajeti imebana. Kwa anayeanza ningesema Pacifica, mradi usimalizie hela yote kwenye gita. Amplifaya ndogo na waya navyo vinahitajika; bila hivyo utasikia nyuzi tu, kwa mbali.

Ila hiyo Squier nenda kaikague. Ielekeze kama unalenga bunduki, uchungulie shingo kutoka kichwani hadi kwenye mwili. Ikiwa imepinda kidogo, fundi huinyoosha kwa kukaza au kulegeza fimbo ya chuma iliyo ndani. Ikiwa imejisokota, achana nayo kabisa. Kisha piga kila uzi, freti (vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo) moja baada ya nyingine, usikilize panapokwaruza. Freti ya 12 itoe noti ileile ya uzi mtupu, oktavi moja juu, yaani noti hiyohiyo ila nyembamba zaidi. Chomeka waya, zungusha vitufe vya sauti. Vikikwaruza mara nyingi ni vumbi, na hapo una sababu ya kuomba muuzaji apunguze bei.

Gita lenye Floyd Rose, yaani daraja la nyuzi linaloelea kwenye springi na kuchezwa kwa mkono wa chuma, liache kwanza: uzi mmoja ukikatika, zote zinatoka kwenye tyuni. Funga nyuzi za 009 (seti ambayo uzi wake mwembamba zaidi una unene wa inchi 0.009), ni laini kwa vidole vigeni.