Faru hana zamu: kwa waongozaji wapya wa Arusha

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuongoza wageni msimu huu, majina ya ndege mtayajua tu, na njia za Serengeti zitakaa kichwani zenyewe. Kinachowashinda wengi ni swali ambalo mgeni huuliza kabla gari halijavuka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro: "Leo tutamwona faru?"

Kijana hujibu, "Tutamwona tu!" Jibu hilo linamfurahisha mgeni mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo anaanza kuangalia saa, na simba wanne waliolala kando ya gari hawamtoshi tena. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alichunguza ubongo wa kima katika miaka ya 1990. Kima akipata juisi ambayo hakuitegemea, seli zake za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na tuzo, zilichachamaa. Akishazoea kwamba juisi inakuja, na ikaja, zilitulia. Ikitarajiwa isije, zilishuka chini ya kawaida yake. Mgeni aliyeahidiwa faru akamkosa ndiye huyo wa mwisho. Na tipu hutolewa jioni, si asubuhi.

Basi mwambie ukweli. Tatizo ni kwamba hata wewe mwenyewe huenda huujui, ingawa unashuka kreta ya Ngorongoro kila wiki. Mwaka 1973 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha kuwa mtu hukadiria kama jambo hutokea mara nyingi au mara chache kwa kuangalia linavyomjia haraka akilini. (Kahneman alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2002, Tversky alikuwa ameshafariki mwaka 1996.) Chui aliyepandisha swala mtini hutamsahau hadi uzeeni. Zile siku za vumbi na pundamilia zinajifuta zenyewe.

Redio ya gari ndiyo inazidisha. Dereva akiona chui anatangaza, na magari yote yanageuka. Asiyeona kitu hana cha kutangaza. Sijawahi kusikia mtu akiita redioni kusema yuko mahali fulani na hakuna mnyama. Ukisikiliza siku nzima utaamini kila mgunga una chui wake. Jioni kijiweni ni vilevile, hakuna anayesimulia safari aliyomkosa faru.

Dawa ni daftari. Kila ukishuka kreta andika tarehe, saa, hali ya hewa, upande uliopita, na faru: ndiyo au hapana. Andika hasa siku tupu, kwa sababu hizo hakuna atakayekukumbusha. Misimu miwili ikipita utakuwa na jibu lako mwenyewe, si la kuazima kwa wakongwe. Halafu lisemwe kwa hesabu ya siku: "Katika siku kumi za msimu kama huu, nne hivi huwa namwona, na mara nyingi kwa mbali, kwa darubini." Hiyo nne ni mfano, yako itatoka daftarini. Mwanasaikolojia Mjerumani Gerd Gigerenzer amelisisitiza hili miaka mingi, kwamba watu huelewa "nne kati ya kumi" vizuri kuliko asilimia iliyosimama peke yake, kwani asilimia humwachia kila mtu aamue mwenyewe ni asilimia ya nini.

Siku ya tatu bila faru, atatokea mtu kiti cha nyuma aseme, "Leo ni zamu yetu." Faru hana zamu. Usiku wa Agosti 18, 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti, kamari ya gurudumu lenye namba nyekundu na nyeusi, uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu walipoteza fedha nyingi wakiing'ang'ania nyekundu kwa kuwa "imechelewa". Fanya hesabu ndogo: tuseme kila siku nafasi ni moja kati ya tatu, na siku haziathiriani. Kumkosa siku zote tatu ni nane kati ya 27, yaani karibu magari matatu katika kila kumi. Hapo hakuna mkosi, wala mwongozaji mbovu.

Lakini msilichukue hilo kila mahali, maana mbuga si ruleti. Simba waliomwangusha nyati jana jioni, leo asubuhi watakuwa palepale au jirani, na hapo jana inakuambia mengi. Kazi yako ni kutofautisha mawili haya, na hilo linachukua muda.

Kwa mtakaohamia upande wa Moshi, kwenye mlima Kilimanjaro mshangao una gharama nyingine. Kwenye kilele, mita 5,895, kila pumzi ina karibu nusu ya oksijeni ya usawa wa bahari, na misuli ya mkimbiaji wa marathoni haimkingi na ugonjwa wa mwinuko. Mwongozaji ambaye hategemei kijana mwenye nguvu kuugua ataita maumivu yake ya kichwa uchovu. Muulize maswali yaleyale unayomuuliza bibi wa miaka 65. Na mgeni akikuonyesha asilimia ya wanaofika kileleni aliyoisoma kwenye tangazo, muulize ni ya njia ipi na siku ngapi. Marangu ya siku tano na Lemosho ya siku nane hazichanganywi.

Kambini, kwa kuchangamsha, kuna mchezo wa siku za kuzaliwa. Wageni, wapagazi na wapishi wakifika 23, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unazidi nusu. Wageni hubisha kwa sababu kila mmoja anaifikiria tarehe yake tu, wakati watu 23 wanatoa jozi 253 za kulinganisha. Ila ulizeni kwanza: wapo wenzetu ambao tarehe zao zilikadiriwa wakati wa kuandikishwa, wakapewa Januari 1, na wawili wa namna hiyo wakikutana hapo hakuna cha kushangaa.