Ugali na omena kwa mapigo manne: majibu ya maswali yenu kuhusu midundo

Muhula wa pili ni msimu wa tamasha za muziki, na maswali yamemiminika kutoka Nakuru hadi Kakamega. Safari hii nimechukua yale ya midundo tu. Kwaya ina watetezi wa kutosha.

Nina wanafunzi zaidi ya 60 wa Gredi ya 4, na shule haina hata ngoma moja. Mtaala unataka watunge midundo yao. Nianzie wapi? (Mwalimu, Ahero)

Anzia miguuni, mwalimu. Wasimame, watembee papo hapo, kushoto kulia, bila makofi. Miguu ndiyo mapigo: haiharakishwi wala haipambwi. Ikishatulia, wape maneno ya kusema juu yake. Kwa kuwa uko Ahero, chukua "ugali na omena".

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema u-GA-li na o-ME-na. GA ikanyage pigo la kwanza, "na" pigo la pili, ME pigo la tatu. Pigo la nne ni kimya, ila mwishoni mwake kabisa "u" inachungulia kuvuta mzunguko mwingine. Tayari una ta-te (pigo lililogawanywa mara mbili), ta-te, ta-te na mapumziko, na hakuna aliyegusa chaki. Usikubali "U" ishike pigo la kwanza eti kwa sababu ndiyo silabi ya kwanza. Watoto watatamka U-gali kama mtalii aliyeshuka ndege jana.

Sasa ondoa "na". Sema "ugali, omena, ugali, omena" bila kusita. Mkazo unarudi kila baada ya silabi tatu, GA-li-o, ME-na-u, na mwendo wote unageuka. Mabega yanaingia, magoti yanalegea. Kitabu kitauita sita kwa nane, lakini jina hilo liache hadi wiki ijayo. Waulize tu ni upi wa kutembea na upi wa kucheza, nao watakujibu bila kukosea.

Makofi yakija, yawe ya vidole viwili kwenye kiganja. Kwa watoto 60, makofi ya mkono mzima yatamleta mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani mlangoni.

Nikisema "tungeni", nusu wanapiga ovyo na nusu wananakili cha rafiki. (Mwalimu, Njoro)

Umewapa uwanja mpana mno. Wape mapigo manne na vitu vitatu tu: taa, ta-te na saa, yale majina ya Kifaransa tuliyokariri sote chuoni. Taa ni pigo zima, ta-te ni pigo lililogawanywa mara mbili, saa ni pigo la kimya. Kisha toa sharti moja: saa itokee mara moja tu, popote watakapo. Ukipiga hesabu, sharti hilo linaacha midundo 32 tofauti, kwa hiyo hakuna sababu ya wote kuja na mmoja.

Wafanye wawiliwawili, wachore visanduku vinne daftarini. Mmoja ataandika taa, ta-te, saa, taa. Mwambie aupige mara mbili mfululizo. Ukitoka tofauti mara ya pili, bado hajautunga, amebahatisha tu, na arudi kwenye visanduku. Ukisimama imara, jirani yake atunge wa kuujibu, kisha waupange hivi: wa kwanza, wa kwanza tena, jibu, wa kwanza. Huo ni wimbo mdogo wenye mwili na mkia, na wataupiga mbele ya wenzao bila kuona haya.

Darasa langu huanza polepole na kumaliza mbio. Nimejaribu kuwapigia kengele, wapi! (Mwalimu, Kisumu)

Wanameza saa. Kimya kinawatia wasiwasi, wanakiruka. Kipe kimya kazi ya kufanya: kila saa ikifika, viganja vifunguliwe nje, wazi, darasa zima. Utamwona mara moja anayeruka.

Na kengele iache, maana bila kujua unawafuata wao. Mpe mtoto mmoja mtulivu jerikeni tupu ashike mapigo, wengine wamsikilize yeye. Jaribu pia kuwafanya wapandishe sauti bila kuongeza mwendo. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika, hata kwa watu wazima wa kanisani.

Wazazi wanauliza kwa nini tunafundisha taa na ta-te ilhali isukuti ni yetu. (Mwalimu, Shinyalu)

Wana hoja. Isukuti, ngoma ya jadi ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na orodha hiyo haiingizwi kitu ambacho kila kijana anakijua. Taa na ta-te ni kalamu tu. Zinasaidia kuandika kilichosikika, ila hazifundishi kusikia.

Tafuta mpigaji hapo kijijini, aje na ngoma zote tatu: baba, mama na mtoto. Usimwombe akuhesabie mapigo, na usimkatize katikati ili "kufafanua". Watoto wasikilize, waige kwa mdomo kwanza, kisha kwa mikono mapajani, ndipo waguse ngozi. Na mlipe, tafadhali. Nauli na kitu mkononi, si soda na makofi ya shukrani.

Akishaondoka ndipo uingie wewe na utunzi. Kuwaandaa kubeba mistari miwili kwa wakati mmoja, hesabuni moja hadi sita, mkirudia. Mtoto wa kwanza apige kwenye moja, tatu na tano. Wa pili apige kwenye moja na nne. Wanakutana kwenye moja peke yake, na katikati yao unasikika mdundo ambao hakuna kati yao anayeupiga. Wape watoto wawili, usianze na mikono miwili ya mtoto mmoja. Wakizoea, watatu watatu watunge vyao kwa madebe ya ukubwa tofauti: dogo, la kati, kubwa. Mmoja ashike asibadilike, wa pili ajaze mapengo, wa tatu azungumze apendavyo. Wasiite isukuti walichotunga. Waipe jina lao.

Binti yangu anataka kupiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Babu yake anasema ni ya wanaume. (Mama, Siaya)

Mzee anasema kweli kuhusu zamani. Lakini Eriko Mukoyama, Mjapani anayejulikana kwa jina la Anyango, alikuja kujifunza nyatiti kwa Wajaluo na anaipiga majukwaani, kwa hiyo mlango ulishafunguliwa. Nenda naye mkamsalimu babu, mwombe ruhusa kwa heshima. Wengi hukataa kwa sababu tu hawakuulizwa.

Wakati mnangoja, aanze na mguu. Mpiga nyatiti ana nyuzi nane mikononi, gara, yaani njuga, zinazolia mguuni, na oduong'o, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anayogonga nayo ubavu wa chombo. Mguu ukiyumba, nyuzi hazina pa kuegemea. Apige mapigo kwa mguu huku akiimba, kila jioni kidogo, hata bila chombo.

Mwanangu anatunga biti kwenye simu. Huo nao ni utunzi? (Baba, Nakuru)

Ndiyo. Mwambie azime simu akupigie mezani. Akiweza, mnunulie bando.

Alama nitatoaje? (Mwalimu, Bungoma)

Angalia matatu: mapigo yalitulia, saa iliheshimiwa, na mdundo ulirudiwa vilevile mara ya pili. Usitoe alama kwa kelele. Na yule aliyetunga mdundo mfupi akaushika mpaka mwisho usimpe chini ya aliyetunga mrefu ukamponyoka. Mavazi na tabasamu waachie waamuzi wa tamasha.