Kaka kala pesa ya macho ya mama, ukoo unasema yaishe: jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada, pole sana. Kwa wanaoingia sasa hivi: kaka yake mkubwa alikabidhiwa pesa za kiwanja kilichouzwa ili mama yao akafanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Pesa akazila. Wazee wa ukoo wakakaa, kaka akasema samahani, wote wakaambiwa wapeane mikono yaishe. Mleta mada mkono kautoa, ila tangu siku hiyo hamsemeshi kaka yake, na ndugu wanasema ana roho mbaya. Anauliza kama kweli anayo.

Huna, mdogo wangu. Kikao chenu kiliruka hatua, na wewe ndiye unayeidai.

Kuna sentensi umeiandika kwa kupita tu, nayo ndiyo iliyonikaa: wazee wakiwa sebuleni, mama alikuwa jikoni anawapikia. Yaani mtu mwenye macho yanayofifia yuko kwenye moto na moshi, na wanaoamua habari ya macho hayo hawajamuuliza neno. Kaka yako amemwomba samahani nani sasa? Baba zenu wadogo?

Niliwahi kuwa mjumbe wa Baraza la Kata hapa Morogoro. Mabaraza haya yapo kwa sheria ya mwaka 1985, wajumbe huwa kati ya 4 na 8, na kazi yake ya msingi ni kupatanisha. Hata migogoro ya ardhi, baada ya marekebisho ya mwaka 2021, sisi tumeachiwa usuluhishi tu, kuamua ni kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilichokiona pale ni kwamba mashauri yaliyomalizwa haraka haraka, watu wakapeana mikono jua halijapanda, ndiyo yaliyorudi. Na yakirudi yanakuja na matusi, na ushirikina, na watoto wa pande zote mbili wameshaingizwa.

Kupatanisha bila kuruka hatua ndiko wataalamu wanakoita haki rejeshi. Mahakama huuliza sheria gani imevunjwa, nani kaivunja, apewe adhabu gani. Huku tunaanza na aliyeumia: kaumia vipi, anahitaji nini, na nani anawajibika kukitengeneza. Samahani inakuja baadaye, ikishajua inaomba nini.

Mfano ninaoufahamu kwa karibu ni wa kikoba chetu. Mweka hazina alichukua pesa za sanduku, laki sita na kitu, mwisho wa mzunguko ukiwa umekaribia. Wengine walitaka polisi siku ileile, wengine wakasema ni mwenzetu, tumsamehe. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima aliyetulia sana, akakataa yote mawili kwanza. Akatuweka kwenye mkeka, mweka hazina akiwemo na dada yake wa kumshika mkono, akasema kila mtu aeleze pesa ile ilikuwa ya kazi gani. Hakuna kukatizana, hakuna kutukana.

Mmoja wetu ni mama lishe. Akasema hisa zake zilikuwa za kununua mchele wa jumla, na kwa sababu hazikutoka alikopa kwa mtu wa riba, na yule mtu alimfuata hadi kibandani akamdai mbele ya wateja. Alisema kwa sauti ya chini, macho yako kwenye kanga yake. Mweka hazina tangu asubuhi alikuwa anataja namba tu, nimechukua kiasi fulani, nitalipa kiasi fulani. Aliposikia habari ya kibandani alianza kulia, na kuanzia hapo hatukumwuliza tena, alisema mwenyewe. Kwamba alilipa kodi ya nyumba baada ya mumewe kuondoka, na kwamba aliona aibu kukopa kwetu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akituhimiza turejeshe kwa wakati.

Tukaandika kwenye daftari: kila wiki analeta kiasi fulani, anaanza na mama lishe, riba ya yule mkopeshaji inahesabiwa ndani ya deni, na uweka hazina anauacha. Halafu mwenyekiti akatugeukia sisi. Sanduku lina kufuli tatu ili funguo zikae kwa watu watatu. Ilikuwaje zote zikawa kwake? Ukweli ni kwamba tulikuwa tunakwepa usumbufu. Alimaliza kulipa, bado ni mwanachama, na funguo sasa zinakaa mitaa mitatu tofauti.

Huko Elmira, Ontario, nchini Kanada, mwaka 1974 vijana wawili waliharibu mali za watu 22 usiku mmoja, na badala ya kufungwa jaji aliwapeleka mlango kwa mlango wakawasikilize wenye mali na kuwalipa hasara. Wengi wanaitaja kesi hiyo kama mwanzo wa haki rejeshi ya kisasa. Sisi vikao tunavyo tangu zamani, na ninajivunia. Lakini vikao vyetu vingi siku hizi vinalinda jina la ukoo kuliko mtu aliyeumia, na anayeumia mara nyingi ni mwanamke, mdogo, au asiye na kipato.

Ndiyo maana nasema kwa ukali: ubakaji, ulawiti, mtoto kuumizwa, mke kupigwa, hayo hayakaliwi kikao cha kumalizana kifamilia. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mbuzi wa faini hamlindi mtoto.

Kwenu bado inawezekana. Omba kikao kingine, kidogo, wazee wawili wanaoheshimika wanatosha. Chakula apike mtu mwingine. Mama aongee wa kwanza, na asiharakishwe hata akinyamaza muda mrefu. Aseme kinachomshinda sasa kwa kutoona, kama ni kusoma dawa zake, kuvuka barabara au kumtambua mjukuu. Wewe nawe sema yako, kwa kuanza na "mimi", bila "wewe siku zote uko hivyo". Kaka asikilize hadi mwisho kabla ya kujieleza. "Samahani kama nimewakwaza" msiipokee. Ataje alichofanya na alichokivuruga.

Kisha muandike: analipa nini, lini, kwa nani. Kama pesa hana, nguvu anazo: ampeleke mama kliniki yeye mwenyewe, akae kwenye foleni, alale naye hospitali siku ya upasuaji. Na muulizane kwa nini pesa yote ilikuwa kwa mtu mmoja bila wa pili kujua salio.

Kumsamehe hakumo kwenye daftari. Hilo mwachie mama kwa wakati wake, na wewe kwa wakati wako. Wazee hawana mamlaka ya kuwapangia tarehe. Salamu mpe, maana unaishi naye mji mmoja. Kaka akikataa kuja, kikao kifanyike hivyohivyo kwa ajili ya mama, mjue anahitaji nini na nyie wengine mnachanga vipi upasuaji usisubiri, deni la kaka likibaki limeandikwa jina lake.