Unakuja kusoma Kanazawa? Usisubiri jua

Wanafunzi wapya kutoka kwetu wakishafika Kanazawa, hapa Japani, swali lao la kwanza huwa lilelile: mvua hii inakatika lini? Haikatiki upesi. Majira ya baridi upepo unatoka Siberia, unachota unyevu baharini, unagonga milima, halafu unaumwaga wote juu ya mji. Mvua, mvua ya mawe na theluji vinaweza kupokezana kabla ya saa sita mchana. Wenyeji wana msemo kwamba hata ukisahau chakula cha mchana, usisahau mwavuli. Basi wadogo zangu, nunueni mwavuli imara na buti za mpira, mtoke. Ukijifungia bwenini hadi jua liwake, utapitwa na yale hasa yanayoufanya mji huu uwe Kanazawa.

Anzeni na bustani ya Kenrokuen. Tarehe 1 Novemba watunza bustani huanza kuifunga miti kamba, na wa kwanza ni msonobari wa Karasaki, kando ya bwawa la Kasumigaike. Simameni muwatazame wakifanya kazi. Milingoti inasimikwa karibu na shina, fundi anakwea hadi kileleni, anateremsha kamba za majani ya mpunga moja baada ya nyingine, na wenzake chini wanaifunga kila moja kwenye tawi lake. Mti huo mmoja unachukua kamba 800 hivi. Theluji ya hapa ina maji mengi na ni nzito; bila kamba, matawi yangevunjika. Wakimaliza, mti unaonekana umevaa mwavuli wa nyuzi. Alfajiri kuingia ni bure, ila inabidi utoke kabla muda wa tiketi haujaanza.

Mkiwa humo tafuteni chemchemi inayoruka bila pampu. Bwawa liko juu yake, na uzito wa maji pekee unatosha kuirusha. Maji ya bustani yanaletwa na mfereji wa Tatsumi, uliochimbwa mwaka 1632, enzi za watawala wa ukoo wa Maeda.

Unyevu huohuo unasifiwa na mafundi wa dhahabu. Karibu karatasi zote za dhahabu za Japani, yaani dhahabu iliyopondwa ikawa nyembamba mno, zinatengenezwa hapa, na hewa ikiwa kavu sana zinasumbua kushikika. Higashi Chaya, mtaa wa zamani wa nyumba za chai, wengi wanaishia kupiga picha ya aiskrimu iliyofunikwa dhahabu. Nawashauri mtafute karakana inayofundisha wageni kubandika dhahabu kwenye sahani au vijiti vya kulia. Utashika koleo la mianzi na kubana pumzi, maana ukipumua tu karatasi inajikunja.

Kuhusu chakula, soko ni Omicho. Bakuli za wali na samaki zinazouzwa kwa watalii ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi. Msimu wa kaa unafunguliwa tarehe 6 Novemba: madume yenye lebo ya buluu yaacheni, ulizeni majike madogo yanayoitwa kobako, yaliyojaa mayai. Bei yake ni nafuu zaidi, na msimu wake unafungwa mwishoni mwa Desemba. Ngurumo za mwezi huo zisiwatishe; wavuvi wanazifurahia kwa sababu zinakuja na samaki wa buri walionona. Na mkikumbuka nyumbani, tafuteni viazi vitamu vya Gorojima, vinavyolimwa kwenye mchanga. Ni vikavu, vya unga, vile tunavyovipenda kwa chai.

Asiyekula nguruwe wala pombe aulize mapema: “Buta” ni nguruwe, na mirini, pombe tamu ya kupikia, inaingia kwenye michuzi mingi, hata ya samaki. Msikiti upo, upande wa chuo kikuu.

Baiskeli ni nzuri, lakini kuiendesha huku umeshika mwavuli ni kosa kisheria. Vaa koti la mvua. Mlima Hakusan, wenye mita 2,702, uachieni Julai na Agosti. Vilima vya Utatsuyama viko karibu na mnaweza kwenda hata vuli, ila fungeni kengele kwenye begi, kwani dubu wapo.