Goblin Valley: usiingie saa sita mchana kama mimi

Sisi watu wa Goma hatubabaishwi na mawe. Tumejengea kuta mawe ya volkano, na ndala zetu zote zimeishia juu yake. Kwa hiyo yaya (ndugu yangu mkubwa) anayeishi Salt Lake City, Marekani, aliposema twende jangwani kuangalia mawe, nilimwuliza: "Yaya, nimevuka bahari nije kuona mawe?"

Tulipofika ukingoni mwa bonde, nikanyamaza.

Mbuga hiyo ya Goblin Valley iko jimbo la Utah, mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari kutoka Salt Lake City. Chini yako kuna maelfu ya mawe ya rangi ya tofali la kuchoma, kichwa kinene juu ya shingo nyembamba. Arthur Chaffin, aliyeliona bonde hilo miaka ya 1920, aliliita Bonde la Uyoga. Mimi niliona akina mama wamejitwisha mabeseni, wanarudi kutoka soko la Virunga.

Nilibonyeza jiwe moja kwa kidole, kikatoka na mchanga. Hayakuzaliwa na moto kama ya kwetu. Ni mchanga na tope la kando ya bahari ya kale, miaka milioni 170 hivi iliyopita. Tabaka la juu ni gumu, la chini laini, basi maji na upepo hula shingo kwanza. Usiegemee, usipande. Mwaka 2013 watu wazima walisukuma jiwe moja likaanguka, wakajirekodi video wakicheka, wakaishia mahakamani.

Sasa kosa letu. Bondeni unaruhusiwa kupita popote, hakuna njia iliyochorwa, na hapo ndipo wageni tunapopotelea. Tulishuka saa sita mchana, mwezi wa saba, kila mtu na chupa ya nusu lita. Baada ya dakika arobaini mawe yote yalifanana, simu haina mtandao, na kivuli cha jiwe hakifuniki hata mguu. Yaya akakaa chini, kichwa kinamgonga. Bibi mmoja aliyekuwa na wajukuu wake akatugawia maji, kisha akanyoosha kidole: maegesho yalikuwa nyuma yetu, juu ya kilima kidogo. Tulikuwa tunazunguka palepale.

Kwa hiyo: kabla ya kushuka, geuka upige picha ya kule ulikotoka. Beba lita nne kila mtu, hata kama mabegani panauma. Vaa viatu vilivyofungwa. Mafuta na chakula nunua kwenye miji ya Green River au Hanksville. Shuka alfajiri, au subiri jua lilegee, halafu ubaki uone nyota. Anga lile ni jeusi kweli, halina wekundu wa volkano yetu ya Nyiragongo.

Na usiokote kokoto ya ukumbusho, ni marufuku. Mama nilimletea picha tu. Alizitazama moja moja, akavua miwani, akauliza: "Na huko maji wanachota wapi?"